Jumba Kwanza, Igizo Baadaye: Kuigiza Ramsa za Kale Katika Majumba ya Mashambani ya Uingereza

Mkipata ruhusa ya kupeleka kikundi cha wanafunzi kuigiza katika jumba la kale la mashambani kule Uingereza, msifungue kitabu cha tamthilia kwanza. Nendeni mkalione jumba. Chukueni utepe wa kupimia wa mita 30, daftari, saa inayoonyesha sekunde, na mtu mmoja wa kukaa mwisho wa chumba asikilize. Igizo likichaguliwa kabla jumba halijakaguliwa, wiki za mwisho huishia katika kulilazimisha liingie pasipoingilika: ngazi ziko upande usiofaa, mlango unaohitajika haufunguliwi kamwe, na chumba kinachopendeza kuliko vyote kina sakafu isiyoweza kubeba umati.

Ramsa za kale, yaani michezo ya kuchekesha, si wageni katika majumba ya namna hii. Agosti 1661 Molière, mwandishi wa ramsa wa Ufaransa, alionyesha Les Fâcheux kwa mara ya kwanza katika bustani za Vaux-le-Vicomte, kwa Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za mfalme wa Ufaransa. Oktoba 1670 Le Bourgeois gentilhomme, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Mchuuzi Mwungwana, ilianzia Chambord, jumba ambalo mfalme alikwenda kuwinda. Waigizaji wa wakati ule hawakuwa na giza la kumbi za leo. Mishumaa iliyowaangaza wao iliwaangaza na watazamaji, na mwigizaji aliyegeuka kusema siri yake pembeni alimwambia mtu ambaye uso wake aliuona. Faida kubwa ya jumba iko hapo. Neno la pembeni ambalo katika ukumbi wa giza hutupwa hewani, sebuleni humfikia mtu aliye mita 2 mbele yako, naye hucheka kama mtu aliyeingizwa katika njama. Wafundisheni wanafunzi kuchagua jicho la mtu mmoja kwa kila neno la pembeni, wamalize sentensi wakiwa naye, ndipo warudi kwa wenzao. Wakizungusha macho chumba kizima, neno limepotea.

Kwa jumba la Kiingereza, tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote ni She Stoops to Conquer ya Oliver Goldsmith, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Covent Garden, London, Machi 1773. Kisa chenyewe ni jumba. Marlow anakwenda kwa mzee Hardcastle kumwona binti aliyechaguliwa na wazazi awe mchumba wake, rafiki yake Hastings akimsindikiza. Wanapotea njia usiku, na Tony Lumpkin, mtoto wa kambo wa mzee, anawadanganya kwamba nyumba ile ni hoteli ya wasafiri. Wanaingia, wanamtuma mwenye nyumba kama mhudumu, wanadai waonyeshwe orodha ya vyakula. Marlow hawezi hata kumtazama usoni msichana wa tabaka lake, lakini mbele ya wahudumu wa kike ni shujaa. Anamdhania Kate, binti wa nyumba, kuwa mtumishi, naye Kate anamwacha adhani hivyo mpaka amjue vizuri. Inasimuliwa kwamba Goldsmith mwenyewe, ujanani, aliingia katika nyumba ya bwana mmoja huko Ardagh, Ireland, akidhani ni nyumba ya wageni. Karibu kila tukio hutokea ndani ya nyumba. Nje kuna kilabu cha pombe mwanzoni na nyuma ya bustani karibu na mwisho.

Mpangilio unaofaa ni huu. Onyesho la kwanza, ambamo Bi. Hardcastle analalamika kwamba wanaishi katika nyumba kuukuu inayofanana na hoteli isiyopata wageni, lichezwe kwenye ngazi za mbele, watazamaji wakiwa wamesimama uani. Kisha wapelekwe kwenye ua wa mazizi ya farasi, ambako Tony anakunywa na wenzake na kuwapotosha vijana wawili. Marlow na Hastings wanapoondoka kuitafuta “hoteli”, watazamaji huwafuata na kuingia nao kwa mlango mkuu. Hapo kila mtu anakuwa mgeni aliyekosea nyumba, na mtu wa jukwaani hakutumia hata shilingi moja kujenga mandhari. Matembezi hayo yapangieni dakika 8 hadi 10 kwa watu 60, hata kama mwanafunzi akiwa peke yake anayamaliza kwa dakika 2. Wazee hutembea polepole, changarawe huchosha, na mlangoni watu huingia wawiliwawili. Msipowapa la kusikiliza njiani, uchangamfu uliopatikana kilabuni hupoa. Mpeni mmoja wa wanywaji wa Tony wimbo wa kuwaongoza, na mwingine abaki nyuma kabisa ahakikishe hakuna aliyeachwa.

The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde, ya Februari 1895, ni chaguo la pili, maana sehemu zake mbili za mwisho ziko katika jumba la shamba huko Hertfordshire, kwanza bustanini kisha sebuleni. The School for Scandal ya Sheridan, ya 1777, hufaa jumba lenye ukumbi wa picha za mababu, kwa sababu ya lile onyesho ambamo kijana Charles anapiga mnada picha za ukoo wake na kukataa kuuza ya ami yake aliyemtendea wema. Nyundo ya mnada humo ni karatasi ya nasaba iliyokunjwa, kifaa kisichoweza kuumiza meza ya mtu. Lakini igizo hilohilo lina kiwambo cha kukunja ambacho ni lazima kianguke chini kwa kishindo. Kiwambo cha mbao cha mita 1.8 kikianguka juu ya sakafu ya mwaloni iliyopakwa nta huacha alama ambayo haitoki. Tengenezeni chenu cha fremu nyepesi na kitambaa, ukingo wa juu ushonewe sponji, na kishindo kitoke kwa mtu aliye nyuma ya mlango.

Kwa wanafunzi wanaotaka kuigiza kwa Kiswahili, njia ipo. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, na hiyo ni ramsa ya nyumbani hasa: Falstaff, bwana mnene anayewatongoza wake za watu, hufichwa katika kapu la nguo chafu na kubebwa nje mbele ya mume mwenye wivu. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ya igizo jingine la Shakespeare, nayo ina Belmont, jumba la Portia, na sehemu yake ya mwisho yote hupita hapo chini ya mbalamwezi. Kumbukeni jambo la haki. Shakespeare, Molière, Goldsmith, Sheridan na Wilde wote wako huru, haki zao za uandishi zimekwisha, ila tafsiri ina mwenyewe. Nyerere alifariki 1999, kwa hiyo ruhusa ya kutumia Kiswahili chake ni lazima iombwe, na iombwe kabla ya mazoezi kuanza, si wiki ya kuchapa tiketi.

Sasa masharti ya jumba. Kila jumba lina mwangalizi, na yeye ndiye mtu wa kuketi naye kabla ya mwigizaji yeyote. Mwanafunzi aliyeelezwa sababu ya katazo hulishika. Aliyepewa karatasi ya makatazo huiacha mfukoni. Basi waelezeni. Mwanga huchakaza nguo na rangi, na uharibifu wake hujilimbikiza, hautoki taa zikizimwa. Mazulia ya ukutani na michoro ya rangi za maji huwekewa kikomo cha lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), picha za rangi ya mafuta lux 200. Taa za jukwaani hupita 500 kwa urahisi. Kwa hiyo taa zielekezwe kwa waigizaji kutoka pembeni, zisigonge ukuta, na ziwe za LED, zisizotoa joto kubwa. Mashine ya moshi haiingii: moshi wake huamsha ving'ora na huacha utando juu ya picha. Mishumaa ya kweli haiingii. Utepe wa gundi hauingii, maana ukibanduliwa huondoka na nta au rangi ya miaka mingi. Nyaya hulazwa kandokando ya ukuta, hufunikwa kwa mkeka wa mpira, na stendi za taa hushikwa na mifuko ya mchanga ya kilo 10 hadi 15. Poda ya kupaka mawigi ipakwe nje, siku moja kabla, ikung'utwe.

Chakula ndicho kinachobishaniwa sana, na mwangalizi ana haki. Makombo huita panya na wadudu, na wadudu wale hawaishii kwenye makombo: mabuu ya nondo na ya mende wa mazulia hula sufu na hariri. Divai nyekundu mara nyingi hukatazwa moja kwa moja. Viatu navyo vikaguliwe kimoja kimoja mlangoni. Kisigino chembamba hukusanya uzito wote wa mtu mahali padogo kuliko ukucha na kutoboa mbao laini, na viatu vya maleba vilivyoazimwa mara nyingi vina kichwa cha msumari kilichochomoza chini ya soli. Pitisheni kidole. Bandikeni ngozi laini au kitambaa kinene chini ya kila soli; hilo hupunguza pia kelele za nyayo.

Kuhusu umeme, tatizo hutoka jikoni kuliko jukwaani. Plagi ya Uingereza ina fyuzi ya ampea 13, yaani takriban kilowati 3, na birika la kuchemshia maji peke yake linaweza kumaliza zote. Mapumziko yanapokaribia, wanaoandaa chai huwasha mabirika mawili katika mzunguko uleule unaolisha taa, swichi ya mzunguko huo inakatika, na Marlow anabaki gizani katikati ya sentensi. Mwombeni mwangalizi awaonyeshe kila soketi iko kwenye mzunguko upi, muandike kwenye ramani, na mabirika yawe na mzunguko wao.

Idadi ya watu haiamuliwi na viti vinavyoingia. Kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni sakafu: nyumba ya kuishi ya siku hizi hupigiwa hesabu ya karibu kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na mahali pa mikusanyiko pasipo na viti vya kudumu kilo 500. Watu wanne waliosimama wamebanana katika mita moja ya mraba wanakaribia kilo 300. Chumba cha juu chenye sakafu ya mbao kinahitaji neno la mhandisi wa jumba, na dansi ya mwisho ihamishiwe chini, kwa kuwa watu wakiruka kwa mdundo mmoja huitikisa sakafu kupita uzito wao. Ya pili ni njia ya kutokea: chumba chenye mlango mmoja tu wa kukimbilia huhesabiwa kwa watu 60, waigizaji wakiwemo. Ruhusa ya serikali ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu 2013, katika England na Wales, igizo lenye watazamaji wasiozidi 500, kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku, halihitaji leseni. Mkitaka kuuza divai na jumba halina leseni ya pombe, pelekeni taarifa ya tukio la muda kwenye halmashauri siku 10 za kazi kabla. Ada yake ni pauni 21.

Kuona ni shida ambayo wanafunzi huigundua wakiwa wamechelewa. Sakafu ni tambarare, na kuanzia safu ya tatu mtazamaji huona vichwa na mabega tu. Kila kinachofanyika kwenye kiti au sakafuni humpita. Dawa yake ni safu nne tu, kwenye pande mbili au tatu za chumba: mbele mabenchi mafupi ya sentimita 30, kisha viti vya kawaida, kisha viti virefu, na nyuma kabisa wanaopenda kusimama. Waigizaji wanaoketi waketi karibu na pembe ambako mistari ya macho hukutana, na hakuna anayeketi kwa zaidi ya ukurasa mmoja bila sababu ya kusimama.

Sauti nayo ipimwe kwa kofi moja katikati ya chumba kitupu. Ukumbi wa sakafu ya mawe na dari ndefu hurudisha mlio kwa sekunde 2 hivi, na silabi zinapandana. Wanafunzi husikia hivyo wakapiga kelele, na kelele huzidisha mwangwi. Kinachosaidia ni konsonanti kali, mwendo wa polepole kidogo, na kutomeza neno la mwisho, kwani katika ramsa za Kiingereza kichekesho mara nyingi hukaa kwenye neno la mwisho la sentensi. Halafu siku ya onyesho watu na makoti yao wanakijaza chumba, mwangwi unafyonzwa, na mwendo uliofaa jana unakuwa wa kuvuta. Mazoezi ya mwisho yaalike watu 30 waketi tu. Kicheko kikija, mwigizaji asisubiri kimya kirudi. Asubiri kifike kileleni, kianze kushuka, aingie kikiwa nusu.

Milango ndiyo roho ya ramsa, na hapa ndipo jumba hulitesa igizo. Jukwaani mwigizaji husimama nyuma ya pazia, hatua mbili na ameingia. Katika jumba, mlango wa kushoto na wa kulia vinaweza kuunganishwa na ujia wa mita 18 na ngazi moja. Mtu aliyevaa gauni refu hutembea karibu mita 1 kwa sekunde bila kukimbia. Kiingereza cha jukwaani hupita maneno 150 hivi kwa dakika, yaani mawili na nusu kwa sekunde, kwa hiyo mita 18 ni maneno 45. Chukueni nakala ya msimamizi wa jukwaa, mhesabu maneno 45 kurudi nyuma kutoka pale anapotakiwa kutokea, na hapo ndipo anapoanza kutembea. Mnaocheza kwa Kiswahili mpige hesabu upya, maana maneno yetu ni marefu na yanayoingia katika sekunde ni machache. Fanyeni hivyo kwa kila kuingia na kila kutoka, kisha bandikeni jedwali ndani ya ujia. Zikipatikana sehemu ambazo haziwezekani, kwa mfano mtu atoke kulia na kutokea kushoto katika maneno 20, hapo mwelekezi abadilishe mlango au akate maneno. Kumwambia mwanafunzi akimbie ujiani kwenye picha na vyungu vya kale hakukubaliki.

Kuta za mawe za unene wa nusu mita na zaidi huua mawimbi ya redio za mkononi na simu. Msimamizi anayetegemea ujumbe wa simu hupata jibu dakika tatu baadaye. Tumieni taa ndogo ya ishara yenye waya, ikiwaka jiandae, ikizima ingia. Au mwanafunzi mmoja anayesimama kwenye kona akiona pande zote mbili. Wenye kazi hiyo wachaguliwe mapema na wafanye mazoezi kama waigizaji, maana wakikosea wao kosa huonekana la mwenzao.

Milango ya kale haibamizwi. Lipu hupasuka, vioo hutikisika, bawaba hulegea. Lakini ramsa bila mlango kubamizwa hupungukiwa. Watu wa jukwaani walilitatua zamani kwa kutengeneza kijimlango cha mbao nzito ndani ya fremu ya mita 1 hivi, chenye komeo la kweli, kinachokaa ujiani. Mwigizaji anafunga mlango wa jumba taratibu, na papo hapo mwenzake anabamiza kile kidogo. Katika hatua chache, sikio halitambui. Mlango ukilia, msitie mafuta bila kuuliza.

Goldsmith aliandika tatizo moja ndani ya igizo lake. Katika sehemu ya nne Hardcastle, amechoka na ufidhuli wa mgeni wake, anamtajia Marlow vitu vya nyumba kwa kejeli: vinara viwili vya fedha, kinga ya moto, mivukuto yenye pua ya shaba, picha za ukutani, meza ya mahogani inayong'aa mpaka mtu ajione uso. Mwanafunzi anayecheza Hardcastle mkono wake utakwenda wenyewe kwenye meza ya jumba. Wekeni meza yenu, vinara vyenu na mivukuto yenu upande mmoja wa chumba, samani za jumba zirudishwe nyuma ya kamba na mwangalizi mwenyewe, na mazoezi yote yafanyike na vitu vyenu tangu wiki ya kwanza ili mkono uzoee njia. Ikiwezekana vitu vyenu viwe vya rangi inayokaribiana na vya jumba, mtazamaji asione mpaka. Kile kisanduku cha vito ambacho Tony anamwibia mama yake na ambacho kinazunguka mikononi mwa watu wanne hadi kumrudia mama huyo huyo, kiwe kikubwa cha kutosha kuonekana kutoka safu ya mwisho, sentimita 25 kwa 15 hivi, rangi moja isiyofanana na kitu kingine chochote chumbani. Watazamaji wakikipoteza machoni mara moja, hawaelewi tena kwa nini Hastings ameduwaa. Tengenezeni viwili vinavyofanana, kimoja kikae ujiani.

Chai ya Wilde inahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Gwendolen, mgeni, anasema hataki sukari, na Cecily, mwenyeji wake, anamtilia vipande vinne; anaomba mkate na siagi, anapewa keki. Kila kipande ni kicheko, kwa hiyo kila kipande kionekane kikiinuliwa, kikisimama juu ya kikombe, kikiachiwa. Koleo la sukari huteleza mkononi mwa mtu mwenye glavu. Cecily azoee kulitumia akiongea, na ncha zake zikwaruzwe kidogo kwa msasa ili zishike. Kikombe kisiwe cha kupitisha mwanga, maana ndani yake kuna maji, ambayo ndiyo kinywaji pekee waangalizi wengi hukubali. Mwisho wa sehemu hiyo Algernon na Jack, vijana wawili wa igizo, wanagombea mafini (vikate vidogo vya chai), na hapo waigizaji hukwama kwelikweli: mkate mkavu hukausha kinywa na sentensi zinatoka na unga. Mafini yapakwe siagi nyingi mpaka katikati, yakatwe robo na kurudishwa umbo, na kila mwigizaji ajue anauma kwenye koma ipi na anameza kwenye sentensi ya nani. Chini ya meza itandikwe shuka ya rangi ya zulia, na sinia liwe na ukingo. Sehemu hii tungeicheza bustanini kila mara ambapo hali ya hewa inaruhusu, na Wilde mwenyewe aliiweka huko.

Bustani ina sheria zake. Mwishoni mwa Juni, kusini mwa England, jua huzama karibu saa 3 na dakika 20 usiku, likiwa upande wa kaskazini-magharibi. Onyesho la saa 1 jioni lina jua la chini machoni kwa saa mbili. Watazamaji walipe mgongo jua au waliweke ubavuni. Upepo wa kawaida wa huko hutoka kusini-magharibi, na sauti hufuata upepo, kwa hiyo jukwaa likae upande upepo unakotoka. Mahitaji haya mawili hayapatani kila mara. Linaloamua ni ukuta. Mwigizaji aliye na ukuta wa jumba au ua mnene wa miti mita 3 nyuma yake husikika mbali zaidi kuliko aliye mbele ya uwanja wazi. Baada ya mapumziko umande huanguka, nyasi zinateleza, miguu ya viti inazama. Kunguru hurudi vichakani wakipiga kelele, na jumba lenye tausi lina mwigizaji wa ziada asiyeshika zamu. Bi. Hardcastle, aliyezungushwa na Tony garini usiku na kudhani yuko maili 40 kutoka kwake kumbe yuko nyuma ya bustani yake mwenyewe, achezwe giza likianza kuingia, kama saa 3 na nusu. Panga muda wa igizo zima kurudi nyuma kutoka hapo.

Mavazi kwa kifupi: pimeni mlango mwembamba kuliko yote kabla ya kushona sketi. Sketi yenye upana wa sentimita 110 kwenye mlango wa sentimita 75 huingia kwa ubavu, na hilo linaweza kuwa kichekesho likifanyiwa mazoezi, au aibu lisipofanyiwa. Kate hubadilisha gauni la fahari na kuvaa la kawaida, na nyuma ya mlango wa sebule iliyo kimya utepe wa kubandika wa Velcro hulia kama kitambaa kinachochanwa. Tumieni kulabu kubwa.

Kubomoa hufanyika usiku huohuo, kwa sababu kesho asubuhi jumba linafunguliwa kwa wageni. Chakula na maji hutoka kwanza, kisha maleba, nyaya, viti. Samani za jumba hurudishwa na watu wa jumba peke yao. Picha za sakafu, kuta na kila samani zilizopigwa kabla ya siku ya kwanza ndizo zitakazomaliza ubishi. Tembeeni na mwangalizi mkiwa na tochi iliyolazwa karibu na sakafu, mwanga ukipita ubavuni; mkwaruzo mpya hutokeza papo hapo. Ukionekana, msiufute wala kuupaka kitu, uandikwe tu. Na kwa kuwa wanafunzi huhitimu na kuondoka, daftari la vipimo libaki mahali panapojulikana: upana wa kila mlango, sekunde za kila ujia, ramani ya mizunguko ya umeme, mlio wa kila chumba kikiwa kitupu na kikiwa na watu, na jina la cheo cha anayeshika funguo.